Umeandikiwa dawa ya hofu? Mwongozo wa kuitumia bila kukamatwa nayo

"Dokta, naomba kile kidonge kidogo cha kutuliza moyo."

Kaunta yetu hapa Mwanga, Kigoma mjini, hulisikia ombi hili karibu kila wiki, kwa sauti ya chini, mtu akiwa ameshaangalia nyuma yake kwanza. Ukiuliza cheti, hana. Ukiuliza jina la dawa, halijui. Mama mmoja wa Ujiji alifungua ncha ya kanga akatoa kipande cha karatasi ya vidonge kilichokatwa kwa mkasi, ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Nilikisogeza kwenye mwanga wa mlangoni. Herufi zilizobaki zilikuwa tatu tu: pam. Alipewa na jirani siku alipofiwa, akameza kimoja usiku ule akalala, na tangu hapo ilikuwa imepita miezi saba akimeza kila usiku. Alichotaka kwangu ni vingine kumi.

Nimeandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya kijana wa boti pale Kibirizi anayeuliza kama anaweza kumeza kabla ya kuingia ziwani, na kwa ajili yako uliyetoka kliniki leo na mfuko wa dawa mkononi. Mimi ni mtoa dawa, si daktari, kwa hiyo dozi hutaipata hapa. Utakachopata ni namna ya kuipita njia hii salama. Na kama una nafasi ya kushika jambo moja tu, shika hili: kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, jua cha mwisho kitakuwa lini na nani atakuongoza mpaka ukifikie.

Hofu ninayoisema ni ile inayokuvamia ghafla: moyo unadunda, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, jasho linakutoka, unaona kabisa kwamba unakufa au akili inaruka. Wengi hupimwa malaria, wakapimwa presha, wakaambiwa hawana kitu. Wengine huambiwa wana majini. Ni ugonjwa, una jina na una tiba. Mara nyingi hofu hiyo hupanda hadi kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha huanza kushuka yenyewe. Zikumbuke dakika hizo, tutazirudia.

KABLA YA KUANZA, UWE NA HIVI

- Orodha ya kila unachomeza, ikiwa imeandikwa. Weka ARV, dawa za TB, za presha, za kisukari, za maumivu, dawa ya kikohozi, Piriton unayomeza ili ulale, na mizizi uliyopewa na mzee wa kijijini. Usione haya.
- Majibu ya vipimo ulivyokwisha kufanya.
- Daftari dogo na kalamu.
- Mtu mmoja wa nyumbani anayejua kwamba unatumia dawa hii.
- Nauli ya kurudi kliniki. Watu wa Kasulu na Uvinza hukusanya nauli ya kwenda mara moja, wakafika, wakapewa dawa, wasirudi tena. Kurudi ni sehemu ya dawa.
- Ukweli kuhusu pombe unayokunywa, kiasi chake halisi.

HATUA

1. Hakikisha kwanza ni hofu.

Nenda hospitali au kituo cha afya upimwe. Kigoma tuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni. Ndugu zetu wa Tabora wana Kitete. Moyo kwenda mbio huletwa pia na upungufu wa damu, sukari kushuka, tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi, na ugonjwa wa moyo wenyewe. Maumivu ya kifua yanayokupata kwa mara ya kwanza, hasa yakienda mkononi au kwenye taya, hayangoji mwongozo wowote. Kimbia hospitali.

Na jichunguze unachokunywa. Sisi tuna kahawa nzuri ya Kalinzi, naipenda kuliko chai. Lakini mwenye ugonjwa huu akinywa vikombe vinne barazani halafu akaongeza kinywaji cha kuongeza nguvu, ameuita moyo uende mbio. Nimeona kijana akipata nafuu kubwa kwa kupunguza kahawa, kabla hata hajaandikiwa chochote.

2. Uliza umeandikiwa dawa ya kundi gani.

Hapa usiwe na haraka, kwa sababu hatari za dawa hizi hazifanani.

Kundi la kwanza ni la kutuliza haraka: diazepamu, lorazepamu, alprazolamu. Jina kwenye karatasi likiishia na pam au lam, jua uko humo; kundi lote nitaliita la pam. Diazepamu iliingia sokoni mwaka 1963 kwa jina la Valium, na wazee wengi bado wanaiita hivyo. Hutuliza ndani ya saa moja au chini ya hapo. Misuli inalegea, usingizi unakuja. Watu huipenda kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyohiyo huwanasa. Ukimeza kila siku, ndani ya wiki chache ubongo huizoea. Kidonge kilekile hakitoshi tena, na siku ukikikosa hofu inarudi kali kuliko ya mwanzo. Mtu hudhani ugonjwa wake umezidi, kumbe mwili unadai dawa. Kuiacha ghafla baada ya matumizi marefu huleta kutetemeka, kukosa usingizi, kuona visivyokuwepo, hata degedege linaloweza kuua.

Hii ndiyo sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 haushauri kundi hili kwa kutibu ugonjwa wa hofu ya ghafla. Linaweza kutumika katika hali ya dharura, hofu ikiwa kali sana, kwa siku 3 hadi 7, basi. Nako Marekani, mwaka 2020 mamlaka ya dawa iliagiza onyo zito liongezwe kwa dawa zote za kundi hili kuhusu utegemezi na hatari ya kuziacha ghafla. Kwa hiyo ukiandikiwa umeze kila siku mwezi mzima, una haki ya kuuliza, kwa adabu: "Daktari, hii naacha lini, na nitaipunguzaje?" Daktari anayejali hachukii swali hilo.

Kundi la pili ni la kutibu polepole, na kubwa lake hapa kwetu ni fluoksetini. Haitulizi leo wala kesho. Huhitaji wiki 2 hadi 6. Haikupi hamu ya kuongeza dozi kama kundi la kwanza, ila nayo haiachwi kwa siku moja. Ukipata nafuu, kwa kawaida utaendelea nayo miezi 6 hadi 12 ndipo daktari aanze kukupunguzia.

Amitriptilini ni ya zamani, hupatikana kwa urahisi, humezwa usiku. Hukausha mdomo, hufunga choo, na kwa wazee wa kiume huweza kuziba mkojo. Hatari yake kubwa ni moja: ikimezwa nyingi kwa mkupuo hushambulia moyo. Nyumba yenye watoto, ifungie.

Propranololi hupunguza mapigo na kutetemeka. Mwenye pumu asiiguse, maana huweza kumbana mirija ya hewa vibaya sana. Mwenye kisukari anayejichoma insulini amwambie daktari, kwa kuwa dawa hii huficha dalili za sukari kushuka.

3. Taja dawa zako zote na magonjwa yako yote.

Toa ile orodha. Mambo ambayo daktari lazima ayasikie ni haya:

Dawa kali za maumivu kama tramadoli na mofini, au dawa ya kikohozi yenye kodeini, pamoja na kundi la pam: pumzi hupungua mtu akiwa usingizini, asiamke. Tramadoli pamoja na fluoksetini: hatari ya degedege, kutetemeka na joto kali la mwili.

Diklofenaki au aspirini pamoja na fluoksetini: tumbo huweza kutoka damu. Nasema hili kwa sababu diklofenaki kwetu imekuwa kama karanga, kila anayeumwa mgongo anayo mfukoni.

Rifampisini ya TB huisukuma diazepamu itoke mwilini haraka. Mgonjwa huona haifanyi kazi, anaongezewa. Dozi ya TB ikiisha, kile kiasi kikubwa kinabaki mwilini na kumlewesha. Baadhi ya ARV hufanya kinyume chake, huizuia isitoke.

Ukiugua malaria, mwambie anayekupa dawa ya mseto kwamba unatumia amitriptilini au fluoksetini, kwa sababu zote hugusa mwendo wa umeme wa moyo. Usikose dawa ya malaria kwa ajili hiyo. Mpe taarifa tu, yeye ataamua.

Mjamzito na anayenyonyesha, sema mapema. Diazepamu ikitumika mwisho wa ujauzito, mtoto huweza kuzaliwa amelegea, hanyonyi vizuri na anapumua kwa shida.

4. Dirishani, kataa kipande kisicho na jina.

Dawa hizi hutolewa kwa cheti. Ukipewa kiasi kidogo, karatasi ikakatwa, omba upande wenye jina, nguvu ya dawa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ikishindikana, mtoa dawa akuandikie kwenye bahasha kwa mkono: jina, miligramu, kimoja mara ngapi, kwa siku ngapi. Soma mbele yake. Herufi tatu kwenye ncha ya kanga hazitamsaidia daktari wa zamu saa nane za usiku.

5. Chagua siku ya kuanza.

Usianze siku ya kazi ya hatari. Dereva wa bodaboda, fundi wa msumeno, mwenye mashine ya kusaga, mpishi wa mafuta ya moto: tenga siku mbili tatu uone dawa inakufanyaje. Diazepamu haiishi asubuhi unapoamka. Nusu yake huweza kubaki mwilini siku nzima au mbili, na kile inachogeuka kuwa hukaa muda mrefu zaidi, hasa kwa mzee.

Mvuvi wa dagaa, wewe nina neno lako. Kazi yako ni usiku, boti ni nyembamba, maji ya Tanganyika ni marefu. Mwombe daktari uanze wakati wa mbalamwezi, boti zikiwa zimepumzika, ili giza likirudi uwe umeshaujua mwili wako na dawa. Na kama uliyoandikiwa ni ya kundi la pam, usiingie nayo ziwani hata kidogo. Mwenzako hatakusikia ukiteleza, injini inanguruma na macho ya wote yako kwenye taa.

6. Vumilia wiki mbili za mwanzo, lakini ukiwa macho.

Fluoksetini huanza kwa kusumbua: kichefuchefu, usingizi kukatika, na kwa wengine wasiwasi wenyewe kupanda kabla haujashuka. Ndiyo maana madaktari wengi huanza na dozi ndogo. Imeze asubuhi baada ya chakula. Andika kwenye daftari kila siku mistari miwili: umelala saa ngapi, hofu imekuja mara ngapi. Wengi huiacha siku ya tano wakisema imewazidishia, na siku hiyo hawajafika hata nusu ya njia.

Kijana aliye chini ya miaka 25 aangaliwe kwa karibu zaidi wiki hizi. Dawa za kundi hili zina onyo la kuweza kuamsha mawazo ya kujidhuru kwa vijana, mwanzoni mwa matibabu au dozi ikibadilishwa. Yule mtu wa nyumbani ndiyo kazi yake hii: amuulize kila jioni, bila ukali, "Leo umeamkaje, umewaza nini?"

7. Hofu ikikuvamia, usikimbilie kidonge.

Rudi kwenye zile dakika 10. Kidonge ulichomeza kinapitia tumboni kwanza, na hofu mara nyingi imeshaanza kushuka kabla dawa haijafika kichwani. Kwa hiyo sifa anapewa kidonge, wakati kazi umeifanya wewe. Kila mara unapokimbilia kidonge unajifundisha kwamba bila kidonge ungekufa.

Fanya hivi: kaa chini, miguu igusane na sakafu. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu moja hadi nne, itoe kwa mdomo polepole ukihesabu hadi sita, kama unapoza uji. Usivute kwa pupa. Kuhema haraka ndiko kunakoleta ganzi ya vidole na kizunguzungu. Taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona. Hofu itapanda, itafika juu, itashuka. Iandike ilianza saa ngapi na ikaisha saa ngapi. Ukishaandika mara tatu nne utaona mwenyewe kwamba ina mwisho.

Kama kituo chako kina kliniki ya afya ya akili, uliza pia kuhusu ushauri wa kisaikolojia. Mazungumzo yale yana nguvu halisi katika ugonjwa huu, na hayana utegemezi.

8. Acha kwa kushuka ngazi, si kwa kuruka dirishani.

Ukiwa umemeza kundi la pam kila siku kwa wiki kadhaa au zaidi, kuacha ni safari inayopangwa na daktari. Dozi hupunguzwa kidogo, unakaa hapo wiki mbili au zaidi, inapunguzwa tena. Aliyetumia miaka anaweza kuhitaji miezi mingi. Ngazi ikikulemea, unatulia pale ulipo, huongezi. Yule mama wa Ujiji nilimwambia, "Mama, sikuuzii, lakini usiache leo," na nikamwandikia karatasi aende nayo hospitali. Alipangiwa kushuka taratibu. Ilipofika nusu kidonge alikaa hapo karibu miezi miwili, akalalamika, akalia, akaendelea.

MAKOSA NINAYOYAONA KILA MARA

Pombe. Ukiwa na kundi la pam tumboni, gongo, lubisi, bia, hata wanzuki wa asali wa ndugu zetu wa Tabora, vyote hufanya kazi upande mmoja na dawa: kuzima pumzi. Hakuna kiasi kidogo ninachoweza kukuruhusu. Na aliyezoea kunywa sana kila siku asiache pombe ghafla bila kumwambia daktari, maana nako kuna degedege.

Kugawana. Mwenzako kafiwa, unamhurumia, unampa vyako viwili. Hujui ana pumu, hujui ana mimba, hujui anameza tramadoli. Mpe muda wako, kaa naye msibani.

Kuongeza mwenyewe. Kimoja kilitosha, sasa viwili. Siku unapotamani kuongeza ndiyo siku ya kurudi kliniki.

Kumpa mzee ili alale. Bibi anaamka usiku kwenda chooni, miguu imelegea, anaanguka, nyonga inavunjika.

MAMBO YAKIENDA KOMBO

Nimesahau kumeza. Kama ni fluoksetini, imeze ukikumbuka siku hiyohiyo. Ikiwa ni kesho yake, endelea na ya kesho. Usimeze mbili kufidia.

Dawa imeisha na kliniki ni wiki ijayo. Kama ni kundi la pam na umekuwa ukimeza kila siku, usingoje. Nenda kituo chochote kilicho karibu na karatasi yako na daftari, waeleze tangu lini na ngapi kwa siku.

Nimemeza miezi mingi bila cheti, naona aibu kusema. Sema hivyohivyo ulivyoniambia mimi. Kazi ya kukushusha inawezekana, na mwenye kuificha ndiye huishia kuacha ghafla.

Tendo la ndoa limeharibika tangu nianze fluoksetini. Hutokea, kwa wanaume na wanawake. Mwambie daktari, atarekebisha dozi au atabadili dawa. Ukiacha kimyakimya, hofu itarudi na nyumba itakuwa na matatizo mawili.

Nimeanza kuwaza kujiua. Mwambie mtu sasa hivi, mpe vidonge vyote avishike yeye, na mwende hospitali leo. Usikae peke yako usiku huu.

Mwili umepata joto, unatetemeka, misuli imekakamaa, baada ya kuongezewa dawa nyingine juu ya fluoksetini. Hospitali, mara moja.

Mtoto ameokota vidonge, au mtu mzima amemeza vingi, au amechanganya na pombe na haamki. Wengine humpa maziwa au mawese, wengine humtia kidole atapike. Yote mawili yanaweza kumpalia hadi mapafuni. Mlaze ubavu, hakikisheni anapumua, tafuteni usafiri saa hiyohiyo. Anayebaki nyuma akusanye karatasi yote ya vidonge, ile yenye jina, ahesabu vilivyotoka, na aikimbize hospitali hata kama mgonjwa ameshatangulia.